Kiti cha Kushoto

Tukuyu, shuleni
12 Julai 2025

Bibi yangu Mwanaheri,

Shikamoo. Baridi ya huku imenikaza vidole, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usinicheke. Nimeandika kwa herufi kubwa kama ulivyoniagiza, na kila mstari nimeruka mmoja. Mwalimu Naomi, anayeshuka Kyela kila Ijumaa, ndiye atakayekuletea barua hii dukani. Simu hapa haturuhusiwi, na wewe unajua kwamba hata ningeruhusiwa, kwenye simu nakuwa bubu.

Bibi, Mjomba Shehe amenitumia vitabu vitatu kutoka Dar. Ni vya magari. Anasema amechoka kusikia kwamba mama yake, mwenye miaka sabini na moja, bado anasomba vyungu vya Lyulilo, kule ziwani, kwa pikapu inayomzidi yeye Mjomba umri. Anataka kukupa gari la umeme, la kifahari, na katika hayo matatu wewe ndiye utakayechagua. Vitabu ni vya Kiingereza, ndiyo maana nimepewa kazi ya kukugeuzia kwa Kiswahili. Mimi, ambaye mwalimu akiuliza swali naangalia meza!

Nimevisoma maktaba mara tatu. Nilipofika kwenye picha za ndani nilisahau kumeza mate. Hakuna ufunguo. Hakuna gia. Ukifunua boneti hukuti injini, unakuta sanduku tupu la kuwekea mizigo. Dari lote ni kioo, kwa hiyo ukipita chini ya Milima ya Livingstone utaiona milima iko juu ya kichwa chako na wewe umekaa tu. Vishikio vya milango vimelala ndani ya bati, na mtu akikaribia vinajitokeza vyenyewe, kama kobe anavyotoa kichwa. Na halina sauti, Bibi. Kitabu kimoja kimetumia kurasa mbili nzima kusema kwamba halina sauti, na kimeweka maneno machache sana, kana kwamba chenyewe kinaogopa kuamsha mtu.

Niambie unataka nini kwenye gari, nami nitakutafutia kitabuni.

Nazikumbuka Jumamosi zetu. Wewe kulia kwenye usukani, mimi kiti cha kushoto nakusomea barabara. "Ng'ombe wawili, kushoto! Baiskeli ya mpunga, mbele! Dimbwi!" Ni mahali pekee duniani ninapopiga kelele. Ulisema ni mchezo. Ila likizo ya mwezi wa sita, pale daraja la Mbaka, uliipungia mkono alama ya barabarani ukaisalimu kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwalimu." Tulicheka wote wawili. Mimi niliacha kucheka kabla yako.

Mjukuu wako,
Aisha


Bondeni, Kyela
19 Julai 2025

Mke mwenzangu Aisha,

Marahaba. Mimi mzima, duka zima, na mume wetu Shabani naye mzima isipokuwa kikohozi chake cha asubuhi. Shoga zako wa huko Tukuyu wakikuuliza Shabani ni nani, waambie babu yako alipofariki aliniachia pikapu, nikaipa jina lake, na mpaka leo sijaona tofauti kubwa. Wote wawili hawaamki bila kusukumwa.

Huyo Shehe ana wazimu wa watu wa kiyoyozi. Lakini sikatai. Nani atakataa? Nimemsimulia Jeni kule Lyulilo, naye akaacha kufinyanga, akanitazama na udongo mkononi. "Mwanaheri," akasema, "gari lisilo na moshi! Sasa watoto watakimbilia nini nyuma yako?"

Haya, sikia ninachotaka. Kiti kiwe juu, nisishuke kama naingia kisimani, maana nyonga yangu ya kulia ina kesi na mimi. Mlango uwe mpana mtu aingie na heshima yake. Vyungu arobaini viingie bila kugombana. Umeme ukikatika siku mbili kama kawaida yetu, lisinigeukie mzigo. Na ligongwe! Mwambie Shehe agonge kila mlango kwa kifundo cha kidole, akuandikie limeliaje. Unajua mimi sinunui chungu kwa macho. Wale mama wa Kikisi wanakipaka udongo mwekundu kikapendeza, unaweza kukioa, lakini ufa haujifichi mbele ya sikio. Chungu kizima ukikigonga kinaitika. Chenye ufa kinaguna. Shabani naye namwendesha hivyohivyo, akinung'unika namshusha gia, akiimba namwacha aimbe.

Alama ya barabarani ilikuwa na mabega ya mwalimu Ambrose. Ungekuwa wewe ungeisalimu pia.

Herufi zako zikuze tena kidogo. Taa ya dukani siku hizi hafifu.

Bibi yako,
Mwanaheri


Tukuyu, shuleni
26 Julai 2025

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mjomba amegonga. Anasema muuzaji alimuuliza, "Mzee, kuna tatizo?" naye akajibu, "Ni mama yangu." La kwanza limelia *pa*. La tatu limelia *ko*, kama debe. La pili limesema *dumm*, halafu likanyamaza kidogo kidogo, kama ule mtungi wako mkubwa ukiwa umejaa maji.

Mimi ningekuchagulia hilo la pili. Kiti chake ukifungua mlango kinasogea nyuma kukupisha, ukikaa kinakuinua, na ukitaka kinakukanda mgongo. Nimelisoma hilo mara mbili nikidhani Kiingereza changu ndicho kibovu. Ukilijaza umeme mara moja, utakwenda Lyulilo na kurudi mara nne na bado lina nguvu. Siti za nyuma zinalala chali, vyungu vitakaa. Mbele pana kioo kipana kama sinia la pilau, na maandishi yake unaweza kuyakuza mpaka yawe makubwa kama haya yangu.

Halafu huwa linalialia likikaribia kitu, pi pi pi. Hayo ni madoido tu ya matajiri, usijali. Yapo na mengine, kamera na kamera, sikuyageuza yote kwa sababu ni marefu.

Lichague hili, Bibi. Tafadhali.

Mke mwenzio,
Aisha


Dar es Salaam
1 Agosti 2025

Mpwa wangu Aisha,

Mama amekubali la pili. Amon, kijana wa duka la magari, atalileta Kyela ili mama alijaribu kwa wiki mbili. Likimfaa, nasaini.

Kabla ya hapo nakuuliza neno moja, libaki kati yetu. Mama anaona? Nilipokuja Idi alinimiminia chai kando ya kikombe, akasema kikombe ndicho kilichosogea. Nikimuuliza ananitania. Wewe ndiye unayekaa naye garini. Utakachosema ndicho nitakachofuata.

Mjomba wako,
Shehe


Tukuyu, shuleni
4 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo. Bibi anaona. Kile kitambaa cha meza kinateleza, hata kikombe changu husogea.

Wako,
Aisha


Lyulilo
17 Agosti 2025

Aisha mwanangu,

Huu ni mwandiko wa Jeni. Bibi yako amekaa mbele yangu juu ya chungu nilichokigeuza, anasema niandike anavyosema na nisitie chumvi. Ati kidole kinamuuma. (Vidole vyake kumi nimevihesabu, vizima vyote. Ya kwangu nitayatia kwenye mabano, hataona.)

Mke mwenzangu, gari limefika Jumatano. Bondeni yote ilitoka. Fundi cherehani aliacha mguu hewani na suruali ya mtu kwenye sindano. Lina rangi ya ziwa saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtu hajaingiza mtumbwi. Nilisimama mbele yake nikaona aibu, nikasema, "Assalaam aleikum," na wallahi vishikio vikatoka! Nikaingia, likanisemesha kwa Kiingereza. Nikalijibu kwa Kinyakyusa, "Ugonile," maana kama ni kushindana lugha, na mimi ninazo.

Nikakaa nikangoja. Nikamuuliza Amon, "Mwanangu, mbona huliwashi?"

Akasema, "Mama, tumeshatoka dukani. Hapa ni sokoni."

Aisha, nilikuwa naenda na sijui kama naenda! Nilizisikia bangili zangu. Nilimsikia Amon akimeza mate. Nilikuwa kama mtu aliyeingia msikitini akamkuta imamu yuko kwenye dua. Halafu likaanza hilo pi pi pi lako la madoido, kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Nikamwambia Amon alizime. Akasita. Nikamwambia mjukuu wangu kasoma kitabu chote, kasema madoido. Akazima yote.

Jana nimelileta Lyulilo mwenyewe, Amon pembeni anakula karanga. Limekwenda vizuri. Pale ufukweni vyungu viwili vitatu viliguswa. Basi.

(Ni kumi na tisa, Aisha. Safu nzima tuliyokuwa tumeifudikiza mchangani kungojea wanunuzi. Wewe unatujua, sisi hatugeuki. Shabani akikohoa kule kona ya kanisa, kila mama anajua Mwanaheri anakuja, tunavuta vyungu tunampisha. Jana upepo wa mwera ulikuwa unavuma, ziwa linanguruma, na gari likaja kama wazo. Nilikuwa nimelipa mgongo. Mjukuu wangu Lameck, yule wa miaka mitatu, alikuwa amekaa katikati ya vile vyungu anachezea udongo. Nikamwita aje achukue muhogo wake. Aliposhika muhogo ndipo niliposikia vikipasuka. Bibi yako alishuka akauliza, "Ni nini hicho?" Alikuwa amesimama juu ya vigae. Habari ya Lameck sijamwambia. Hajaambiwa, lakini jana amelala kwangu, hakutaka kuligusa gari tena.)

Huyu Jeni mbona anaandika mengi kuliko ninayosema? Anasema mwandiko wake ndio mkubwa.

Usimwambie Shehe. Amon nimemfumba mdomo kwa mchele wa Kyela.

Anayesema, Mwanaheri
Aliyeandika, Jeni


Tukuyu, shuleni
22 Agosti 2025

Bibi, na Mjomba,

Shikamooni. Nimeandika barua moja mara mbili, kila mtu na yake, nisije nikaongopa tena kwa mmoja wenu.

Bibi, yako nimemwomba Mwalimu Naomi akusomee, mkiwa wawili tu, mlango wa duka umefungwa. Ndiyo, nimemwomba kwa mdomo. Nilisimama mbele ya meza yake mpaka akauliza naumwa nini, ndipo nikasema. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka.

Nilikuandikia kwamba pi pi pi ni madoido. Kitabu hakikusema madoido. Kilisema gari lina macho kumi na mawili, mbele na nyuma na kwenye mbavu, na mlio ule ni wa kumwamsha dereva ambaye hakuona. Na kwamba dereva asiposikia, gari linashika breki lenyewe. Niliyasoma hayo siku ya kwanza kabisa, kabla ya kiti na kabla ya kioo cha dari. Ndiyo yaliyonifanya nilitake lile la pili, kwa sababu lina macho mengi kuliko wenzake. Bibi, nilisoma ukurasa ule mwili ukanisisimka. Niliona kama kuna mtu, mbali sana, ambaye hajawahi kusikia jina la Kyela, amekaa akafikiria habari zako.

Nikapata ujanja. Gari litakutazamia njia, na wewe hutajua kwamba unatazamiwa. Kumbe nilipokuficha kazi ya macho yale, nilikupa ruhusa ya kuyafumba.

Mjomba, Bibi haoni. Uliniuliza nikakujibu uongo wa mistari miwili. Kitambaa cha meza hakitelezi. Tangu mwaka jana mimi ndiye ninayesoma barabara.

Na hili Jeni hakukuambia, Bibi, nakuambia mimi. Lameck alikuwa amekaa katikati ya vile vyungu. Aliitwa akaondoka, ndipo ukapita.

Niliogopa mambo mawili. Niliogopa kwamba nikisema, utanyang'anywa usukani, utabaki dukani unasikiliza magari ya wengine yakienda Lyulilo. Hilo naweza kulisema mbele ya watu. La pili ni la aibu. Niliogopa kiti changu cha kushoto. Shuleni siongei, nyumbani siongei, kwa mama huko Mbozi hata sikohoi. Kwenye kiti kile nilikuwa na sauti, na nilikuwa na sauti kwa sababu wewe huoni. Nilikuwa nafurahia, Bibi. Sijui mtu anaombaje msamaha wa kitu kama hicho. Naomba tu.

Aisha


Bondeni, Kyela
31 Agosti 2025

Aisha,

Nimeandika mwenyewe, ndiyo maana karatasi zimekuwa tisa. Mistari ikipandana, itenganishe.

Mwalimu Naomi alisoma vizuri. Alipofika kwa Lameck akasimama. Nikamwambia endelea. Alipomaliza akaniuliza kama anifungulie mlango wa duka, nikamwambia bado. Nilikaa mpaka adhana ya alasiri.

Nimekukasirikia siku mbili kamili. Siku ya tatu nikatafuta hasira ya kuongeza nikaikosa, maana aliyekufundisha kusema "ni mchezo" ni mimi. Uongo wako ulikuwa na mama yake.

Shehe alifika Jumanne kwa basi, hakupiga hata simu. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonimaliza. Tukaenda kwa daktari wa macho Mbeya. Ni presha ya macho. La kulia limekwisha, liliondoka polepole kama maji kwenye chungu kinachovuja, kila siku nikadhani ni jua. La kushoto naona kama mtu anayechungulia kupitia shingo ya mtungi, katikati mwanga, pembeni kote giza. Nikitia dawa kila siku, kilichobaki kitabaki. Daktari ni kijana mdogo. Akaniuliza, "Bibi, umeacha lini kuendesha?" Nikamwambia, "Sasa hivi, hapa nilipokaa." Shehe akatazama ukutani.

Jana nimekwenda Lyulilo kumwomba Jeni radhi. Usukanini alikaa Veronika, binti yake Jeni, yule mwenye leseni aliyekuwa akiendesha lori la mpunga. Aliponifungulia mlango, miguu yangu ilinipeleka upande wa kulia kwa mazoea. Nikasimama hapo. Kisha nikazunguka mbele ya gari, nikiligusa kwa mkono njia nzima, nikaingia kwenye kiti chako.

Tulipoiacha Ipinda nikamwambia Veronika ashushe vioo vyote.

Aisha, miaka arobaini napita njia ile. Sikujua kwamba mto Mbaka una sauti. Sikujua kwamba mashamba ya kokoa yana ndege wao, ambao si wale wa mpunga. Nilimsikia mtu anasafisha jembe. Nilisikia mtoto anahesabu peke yake, akakosea saba, akarudia. Yote hayo yalikuwepo, na Shabani miaka yote anaongea peke yake, Mungu amrehemu aliyeninunulia. Nilijiona kama mtu aliyeishi nyumba moja tangu ujana, halafu uzeeni akaonyeshwa chumba ambacho hajawahi kukifungua.

Kabla ya Matema nikamwambia Veronika, "Ziwa hilo."

Akasema, "Bado, Bibi. Ni majani tu."

Tukakata kona. Nikamsikia akivuta pumzi, "He! Ziwa hili hapa." Nililia kidogo, naye akajifanya anarekebisha kioo.

Lile pi pi pi limewashwa. Pale ufukweni lililia, lakini mwera ulikuwa bado unavuma na akina mama hawakugeuka. Kwa hiyo nikatoa kichwa dirishani nikakohoa kama Shabani. Aisha, wote waliinuka wakavuta vyungu! Halafu wakaniona ni mimi, wakacheka mpaka wengine wakakaa mchangani.

Jeni amekataa kulipwa. Amesema nikae nimkandie udongo mpaka vyungu kumi na tisa virudi. Nimekanda wa vyungu sita na mgongo unaniuliza maswali. Lameck alikuja akakaa mapajani kwangu akala muhogo, makombo yote kifuani kwangu, nikamwacha. Jeni akaenda kwenye gari, akaligonga boneti kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa akasikiliza. Akasema, "Halina ufa."

Jioni Shehe akaniuliza kwenye simu, "Mama, umeshachagua?"

Nikamwambia, "Nimechagua."

Akasema basi atasaini. Alifikiri nazungumzia gari. Gari nalo sawa, asaini. Mimi nilichokichagua ni kiti cha kushoto.

Sasa sikia, usije ukakaa huko Tukuyu unalia kwamba nimekunyang'anya. Una miaka kumi na sita. Ukifika kumi na minane utakata leseni, wewe kulia, mimi kushoto. Nitakusomea barabara kwa masikio. Ng'ombe uliyekwisha kumwona sitakuambia. Nitakuambia yule ambaye bado hajatoka kichakani. Nawe utanijibu kwa sauti, ileile ya dimbwi na baiskeli, maana gari hili halina kelele za kukufichia na abiria wako hataki kubebwa na mtu anayeongea na meza.

Shabani tumempumzisha uani. Kuku ametaga kwenye kiti chake cha mbele. Kile cha dereva.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kusema.

Mwanaheri,
abiria